Mudi iko chini na mafua hayaishi? Anza na haya

Msimu wa baridi, Juni mpaka Agosti, watu wa Mbeya na Njombe mnajua, mafua yanazunguka nyumba nzima afu mwili mzito na huna hamu ya kitu. Kabla hujakimbilia vidonge anza na usingizi jamani, mtu mzima anahitaji masaa 7 kwenda juu, ukilala pungufu kila siku kinga inashuka na hasira zinakuwa karibu, kwa hiyo simu iache sebuleni.

Asubuhi toka nje, tembea nusu saa kwa mwendo wa kuhema kidogo, siku 5 kwa wiki, ule mwanga unaiweka sawa saa ya mwili na usiku usingizi unakuja wenyewe.

Kwenye kula, mi nasisitiza mapera! Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, lioshe vizuri ule na ganda lake. Mchicha usiuchemshe ukamwaga maji, vitamini zinaenda na yale maji, we kaanga kitunguu na nyanya, tupia mchicha, geuza dakika 3 au 4, ukiwa bado wa kijani epua. Ongezea maharage, dagaa, mtindi.

Chai ya tangawizi na asali inatuliza koo ila haiui virusi, na mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa.

Na kama huzuni imekaa wiki 2 au zaidi, huli, hulali, tafadhali nenda hospitali uongee na daktari, usibaki nayo ndani peke yako.