Kuandaa Gauni kwa Mnada wa Hisani

Kila anayeniletea gauni akitaka liuzwe kwa hisani, kabla sijashika sindano namsimulia habari ya Bintimfalme Diana. Juni 25, 1997, magauni yake 79 yalipigwa mnada katika nyumba ya minada ya Christie's, New York. Wazo alipewa na mwanawe William, bado mvulana wa shule. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 3 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na UKIMWI.

Kwa hiyo anza kwa kumtaja atakayepewa fedha. Usiseme "wahitaji". Diana alitaja, mojawapo ni mfuko wa saratani wa hospitali ya Royal Marsden. Tena watu walimwamini, maana mwaka 1987 alimpa mkono mgonjwa wa UKIMWI jijini London bila glavu, wakati wengi waliogopa hata kuwagusa.

Kisha andika historia ya gauni: nani alilishona, lilivaliwa lini, wapi. Ambatanisha picha. Lile la mahameli ya buluu iliyokoza, kazi ya Victor Edelstein, ambalo Diana alilivaa mwaka 1985 akicheza dansi na mwigizaji John Travolta katika Ikulu ya Marekani, liliuzwa dola 222,500. Jina la fundi lisisahaulike, nakuomba sana.

Sasa usafi. Mahameli haipigwi pasi kamwe. Niliwahi kuigusisha pasi kwenye mkono wa gauni la mteja, mara moja tu, manyoya, yaani zile nyuzi fupi za juu ya kitambaa, yakalala yakabaki na alama inayong'aa, sikuweza kuiondoa. Ligeuze ndani nje, lifukize mvuke kwa mbali, liache likauke, ndipo upitishe brashi laini kwa kufuata manyoya yanakolalia. Chungulia bitana ya kwapani, jasho huozesha uzi pale kwanza.

Gauni la shanga usilitundike, uzito wake huchana mabega. Lilaze, upitishe kidole mstari kwa mstari. Shanga inayocheza ifungwe leo. Doa lisilotoka, mwambie mnunuzi.

Gauni lile la mahameli lilinunuliwa tena mwaka 2019 na Historic Royal Palaces, taasisi inayotunza Kensington Palace, alikoishi Diana. Magauni husafiri hivyo, basi lako lisiondoke bila utambulisho. Chukua kipande cha pamba nyeupe, andika jina la mvaaji, tarehe ya mnada na hospitali iliyosaidiwa, ukishonee kwenye bitana kwa mkono, mishono mirefu na milegevu, ili atakayetaka kukitoa akifumue bila kuchana hariri.