Kuwatafuta Mababu katika Vitabu vya Parokia na Sensa za Kale

Mtu anayeanza kutafuta nasaba yake mara nyingi hutamani kumrukia mhenga wa mbali anayesimuliwa katika familia, kisha ashuke kizazi kwa kizazi mpaka ajifikie mwenyewe. Njia hiyo imewapotosha wengi, kwa sababu jina moja katika kitabu cha karne ya 18 linaweza kuwa la watu watano tofauti, na pengine hakuna hata mmoja wao aliye wa ukoo wako. Nasaba hutafutwa kinyumenyume: unaanza na mtu unayemjua bila shaka, unapata hati inayomtaja pamoja na wazazi wake, halafu unahamia kwa wazazi hao na kuirudia kazi ileile. Makala haya yamejikita katika kumbukumbu za Uingereza, ambako vitabu vya parokia na sensa vimehifadhiwa kwa mfululizo mrefu, lakini yatagusa pia Ayalandi, Marekani na vitabu vya Kikatoliki, kwa kuwa ukoo hauheshimu mipaka ya nchi.

Kabla ya kufungua hati yoyote, waulize wazee waliopo, na uandike kila jambo pamoja na jina la aliyelisema. Usiridhike na jina la babu peke yake, bali ulizia ndugu zake wote, waliokufa wachanga wakiwemo, waliowaoa au kuolewa nao, na kazi walizofanya. Kuna mamia ya watu walioitwa William, lakini William mwenye dada aitwaye Keziah na baba aliyekuwa mhunzi ni mmoja tu katika eneo zima. Ndugu ndio wanaomtambulisha mtu, na mtafutaji anayewapuuza kwa kudhani kuwa si wahenga wake wa moja kwa moja huja kuwarudia baadaye kwa majuto.

Vyanzo viwili tunavyovizungumzia vina tabia tofauti. Kitabu cha parokia huandika tukio: siku fulani mtoto alibatizwa, watu wawili walifunga ndoa, au maiti ilizikwa. Sensa huandika nyumba: usiku mmoja, watu hawa walilala chini ya paa hili. Cha kwanza hakikuambii mtu huyo alikuwa wapi miaka kumi baadaye, na cha pili hakikuthibitishii kwamba mtoto aliyetajwa ni wa mke aliyetajwa, kwani huenda mama yake alikwisha kufa na baba akaoa tena. Kazi yote ya mtafutaji ni kuvishona viwili hivi.

Anza na sensa, kwa kuwa iko karibu zaidi na wakati wetu. Uingereza imehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1801, isipokuwa mwaka 1941 wakati wa vita, lakini hesabu nne za mwanzo zilitaka idadi tu, na ni majina machache yaliyosalia kutoka humo. Sensa ya kwanza kutaja kila mtu nchini kote ni ile ya 6 Juni 1841, nayo ina mitego miwili. Makarani waliagizwa kushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi fungu la mitano lililo chini yake, hivyo mtu wa miaka 39 aliandikwa 35. Tena hakuna safu inayoeleza uhusiano wa wakazi na mkuu wa kaya. Mwanamume wa miaka 40, mwanamke wa miaka 40 na watoto watatu wanaweza kuwa mume, mke na watoto wao, na wanaweza pia kuwa kaka, dada na watoto wa ndugu yao. Kuanzia 1851 hali ilibadilika kabisa, maana karani alitakiwa kuandika uhusiano, hali ya ndoa, umri kamili, kazi, na parokia na kaunti alikozaliwa mtu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa kazi nzima, kwa kuwa inakuambia ufungue kitabu cha parokia ipi.

Kusanya sensa zote ambazo mtu wako alikuwa hai, wala usikomee kwenye moja. Mwanamke anaweza kuzeeka miaka saba tu kati ya sensa mbili zilizopishana miaka kumi, na mahali pake pa kuzaliwa pakawa kijiji katika sensa moja na mji wa jirani katika nyingine. Tofauti hizo hazimaanishi kwamba alisema uongo. Karatasi ilijazwa na mkuu wa kaya, au na jirani aliyejua kuandika, kisha karani akainakili katika daftari lake, na kwa sensa za 1841 hadi 1901 tunachosoma leo ni madaftari hayo ya makarani, maana karatasi nyingi za kaya hazikuhifadhiwa. Sensa ya 1911 ni tofauti: karatasi zenyewe zimebaki, hivyo unaweza kuuona mwandiko wa babu yako, na zaidi ya hapo wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa watoto wangapi walio hai na wangapi wamefariki. Swali hilo moja limefichua watoto ambao hakuna aliyewahi kuwasimulia. Sensa ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022 baada ya kukaa siri kwa miaka 100, na ya 1931 haipo tena, kwani madaftari yake yaliteketea kwa moto mwaka 1942. Pengo hilo huzibwa kwa kiasi na orodha ya wakazi iliyoandikwa Septemba 1939.

Umri wa kwenye sensa ukokotolewe kwa uangalifu. Mtu aliyeandikwa kuwa na miaka 42 katika sensa ya 30 Machi 1851, ikiwa umri huo ni sahihi, alizaliwa kati ya 31 Machi 1808 na 30 Machi 1809. Ongeza miaka mitatu kila upande unapotafuta ubatizo wake. Soma pia kurasa zinazotangulia na zinazofuata, kwa sababu ndugu waliishi jirani. Ukikuta mama mkwe wa mkuu wa kaya, umepata jina la ukoo la mke bila jasho. Lakini kuwa mwangalifu, maana neno la Kiingereza linalotumika leo kwa mkwe lilitumika zamani hata kwa mzazi au mtoto wa kambo.

Kati ya sensa na parokia kuna daraja moja usilopaswa kuliruka, nalo ni cheti cha serikali. Uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo nchini Uingereza na Wales ulianza 1 Julai 1837, na cheti cha ndoa kina nafasi ya jina na kazi ya baba wa kila mmoja wa maarusi, taarifa ambazo vitabu vya ndoa vya kabla ya hapo havikuwa nazo. Babu aliyefunga ndoa mara ya pili baada ya 1837 ni bahati kubwa kwa mtafutaji, kwa kuwa cheti hicho humtaja baba wa mtu aliyezaliwa miongo kadhaa kabla ya vyeti kuwapo.

Sasa tuingie kanisani. Mwaka 1538, chini ya Mfalme Henry VIII, waziri wake Thomas Cromwell aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko kila wiki. Makasisi wengi waliandika kwenye karatasi hafifu, na mwishoni mwa karne hiyo ikaamriwa kumbukumbu zinakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka Elizabeth I alipoanza kutawala. Ndiyo sababu vitabu vingi huanzia mwaka huo. Amri hiyohiyo ilizitaka parokia zimpelekee askofu nakala ya kila mwaka, na nakala hizo zimewaokoa watafutaji wengi pale ambapo kitabu cha asili kiliungua au kuliwa na panya. Hata kitabu kikiwa salama, soma nakala ya askofu pia, kwa sababu mara kwa mara moja ina neno ambalo nyingine haina.

Kiasi cha taarifa hutegemea sana mwaka. Sheria ya ndoa iliyoanza kutumika 25 Machi 1754 ilileta vitabu vya pekee vya ndoa vyenye sahihi za maarusi na mashahidi, na ikawalazimisha hata Wakatoliki na Waprotestanti wa madhehebu mengine kufunga ndoa katika kanisa la Kianglikana. Wakwekari na Wayahudi peke yao ndio walioachwa. Mashahidi hao ni wa kuwachunguza, ingawa jina linalojirudia katika kila ndoa ya parokia kwa miaka ishirini huwa ni la mtumishi wa kanisa. Kuanzia 1813 vitabu vya ubatizo na maziko vilikuwa na fomu zilizochapwa, hivyo ubatizo ukawa na makazi na kazi ya baba, na maziko yakawa na umri wa marehemu. Kabla ya hapo kila kasisi aliandika alivyopenda, na katika maziko mengi utakuta jina tu.

Kalenda nayo ina mtego wake. Mpaka 1751 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1720 ilikuja baada ya Juni 1720. Mtu asiyejua hilo huona wazazi waliofunga ndoa Juni 1720 na mtoto aliyebatizwa Februari 1720, akahitimisha kwamba mtoto alizaliwa nje ya ndoa, kumbe alikuja miezi minane baada ya harusi. Andika tarehe za namna hiyo kwa miaka yote miwili, yaani Februari 1720/21. Kumbuka vilevile kwamba ubatizo si uzazi: familia nyingine zilibatiza watoto wanne kwa siku moja, na mkubwa wao akawa na miaka tisa.

Mwandiko wa karne ya 16 na 17 hutisha mwanzoni, ila huzoeleka kwa kusoma kurasa nyingi za mkono mmoja. Ukikwama kwenye neno, tafuta herufi hizohizo katika neno ambalo tayari unalijua, kama vile jina la mwezi. Vitabu vya Kikatoliki, na baadhi ya vile vya kale vya Kianglikana, viko kwa Kilatini, lakini msamiati wake ni mdogo: filius ni mwana, filia ni binti, uxor ni mke, sepultus ni aliyezikwa. Majina nayo yaligeuzwa, na Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, uliagiza mwaka 1563 kuandikwa kwa ndoa na ubatizo, na katika ndoa utakuta pengine ruhusa maalumu iliyotolewa kwa sababu ya undugu wa damu wa maarusi. Undugu wa daraja la tatu humaanisha kwamba wote wawili ni vitukuu vya mtu mmoja, na mstari huo mfupi unaweza kukupa vizazi vitatu kwa mpigo. Tazama pia pambizoni mwa ubatizo wa karne ya 20, kwani tangu 1908 parokia ya ndoa ilipaswa kuiarifu parokia ya ubatizo.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kumchagua mtu sahihi. Tuseme sensa ya 1851 inakuonyesha William, seremala wa miaka 42, na katika parokia aliyoitaja umekuta ubatizo wa Wiliam wawili wa ukoo huohuo mwaka 1808, mmoja mwana wa Thomas na Sarah, mwingine wa John na Ann. Usichague kwa hisia. Kwanza pitia maziko ya miaka inayofuata, kwa sababu theluthi ya kazi hii ni kuwazika watoto: ukikuta mwana wa Thomas na Sarah amezikwa 1811, amebaki mmoja. Kama wote waliishi, fuatilia maisha ya kila mmoja wao, yaani ndoa, watoto na sensa, hata yule unayedhani si wako. Akionekana katika sensa ya 1851 kwenye nyumba nyingine, umemwondoa kwa ushahidi. Linganisha kazi za akina baba, na majina ambayo William aliwapa wanawe. Kumbuka pia desturi ya kumpa mtoto mpya jina la ndugu yake aliyekufa, maana William wa 1808 na William wa 1812 wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Si kila nchi itakuwezesha kufanya hivyo. Ayalandi ilipoteza sehemu kubwa ya sensa za kale na vitabu vingi vya Kianglikana katika mlipuko na moto wa jengo la Four Courts, Dublin, mwaka 1922, na sensa kamili za kabla ya moto huo zilizosalia kwa mtafutaji ni za 1901 na 1911. Vitabu vya Kikatoliki vilinusurika kwa kuwa vingi vilikuwa vimebaki parokiani, na Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo ilizitoa picha zake bure mwaka 2015. Marekani huhesabu watu tangu 1790 na hufungua sensa baada ya miaka 72, lakini hadi 1840 ilimtaja mkuu wa kaya tu, na ile ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921 jijini Washington. Wazao wa watu waliokuwa watumwa hukutana na ukuta mwaka 1870, sensa ya kwanza kuwataja wazee wao wote kwa majina. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri na jinsia chini ya jina la mmiliki, hivyo hapo utafutaji huhamia kwenye wasia na hati za mali za mmiliki huyo.

Hati nyingi sasa zimo kwenye intaneti, na tovuti ya FamilySearch hutoa picha na faharasa bila malipo. Faharasa ikuongoze tu. Soma picha ya ukurasa wenyewe. Jina lisipopatikana, tafuta kwa jina la kwanza, umri na mahali pa kuzaliwa, ukiliacha la ukoo, kwa kuwa karani aliandika alivyosikia na aliyetengeneza faharasa akasoma alivyoweza. Miti ya ukoo iliyopandishwa na watu wengine ichukulie kama fununu, kwani kosa moja hunakiliwa mara mia na kupata sura ya ukweli.

Weka daftari la kila kitabu ulichopekua, miaka uliyosoma, na hata pale usipopata kitu, ili usirudie kazi ileile mwakani. Na Wiliam wawili wakikataa kutenganishwa baada ya hayo yote, waandike wote wawili kwa penseli, eleza pembeni ni hati gani ingeamua, kisha endelea na tawi jingine.