Funga hesabu ya mwaka wako kabla hujapanga mpya

Kazi yangu ni kuwezesha vikundi vya kuweka na kukopa, hivi tunavyoviita VICOBA. Ikifika Desemba vikundi vingi vinamaliza mzunguko: sanduku lenye kufuli tatu linafunguliwa mbele ya wanachama wote, hisa zinahesabiwa, faida inagawanywa, kila mtu anaondoka na chake. Kikundi kinajua hadi shilingi ya mwisho mwaka wake ulivyokwenda. Muulize mwanachama mmojammoja wa kwake ulikwendaje, atakwambia "mwaka ulikuwa mgumu," basi. Halafu tarehe 31 usiku anaahidi mambo kumi.

Huu ni utaratibu ninaowapa wanachama wakafanye nyumbani. Unahitaji daftari, kalamu, simu yako na jioni mbili.

Hatua ya 1: Anza kabla mgao haujaingia

Mtu mwenye pesa mkononi huuona mwaka wote ulikuwa mzuri. Kaa chini wiki ya pili au ya tatu ya Desemba. Kama mna ndoa, kaeni wote wawili. Mwenzio asipotaka, anza peke yako na usiigeuze kesi.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi

Kichwa kinakumbuka msiba na harusi, hakikumbuki vocha. Omba taarifa ya miamala ya mwaka mzima kwenye mtandao wako wa simu, kwa programu yao au kwenye duka la huduma kwa wateja. Ongeza meseji za umeme wa Luku, daftari la kikundi, risiti za shule, kadi ya kliniki ya mtoto na kadi za michango. Pitia na picha za simu pia, maana zina tarehe.

Hatua ya 3: Mwezi mmoja, ukurasa mmoja

Hapa ndipo jioni ya kwanza inapoishia. Kila ukurasa uwe na mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichotokea. Anza na Novemba urudi nyuma, kwa sababu ya karibuni bado unayakumbuka vizuri.

Tuseme una genge la mboga na matunda. Ukurasa wa Aprili unaweza kusomeka hivi:

*Kilichoingia: mauzo yameshuka, mvua, wateja hawatoki. Kilichotoka: rejesho 40,000 kila wiki, mchango wa harusi 50,000, makato ya kutoa pesa. Kilichotokea: mtoto kaugua malaria, nimechukua kausha damu (mkopo wa riba kali) ili nilipe rejesho la mkopo wa kwanza.*

Soma mstari wa mwisho, kisha rudi ukurasa wa Februari uone mkopo wa kwanza uliuchukua lini. Uliuchukua biashara ikiwa imechangamka, marejesho yakaangukia masika. Mwaka mzima umekuwa ukijilaumu kwamba huna nidhamu ya pesa, kumbe kilichokuumiza ni tarehe.

Kitu kingine: jumlisha makato ya wakala peke yake. Anayetoa 5,000 leo na 5,000 kesho hukatwa zaidi ya anayetoa 10,000 mara moja, na kwa mwaka mzima jumla yake inashangaza.

Usiandike pesa tu. Andika na watu. Kule Makunduchi, Unguja, kwenye sherehe za Mwaka Kogwa za mwezi Julai, wanaume wanachapana hadharani kwa mashina ya migomba ili vinyongo vya mwaka viishie hapo. Wewe andika tu jina la uliyekosana naye, na pembeni yake kama utampigia au la. Mimi napenda mtu aandike na "la" pia, inapunguza unafiki.

Hatua ya 4: Zungushia yaliyo mikononi mwako

Mvua huiwezi. Tarehe ya kukopa unaiweza. Zungushia kwa kalamu, fupi tu.

Hatua ya 5: Chagua mawili, yaandike kama kazi

Nasema mawili. "Mwaka huu nitaweka akiba" haina siku, haina kiasi, haina mahali. Andika hivi: *Kila Jumatatu jioni nikishafunga genge, 3,000 inakwenda kwenye akaunti ya shule, kabla sijanunua bando.* Kwa wiki 52 ni 156,000. Linganisha na ukurasa wako wa Januari. Hata shule ya serikali isiyo na ada, sare, viatu na madaftari vipo palepale.

Kama lengo ni kuacha kitu, andika utafanya nini saa ileile uliyozoea kukifanya.

Hatua ya 6: Lipitishe kwenye kalenda

Weka alama kwenye miezi mizito. Januari shule zinafunguliwa, na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo. Machi hadi Mei ni masika. Mwenye biashara inayokadiriwa kodi na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ana awamu za kodi mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili tarehe za mwaka jana.

Sasa punguza mzigo panapobana. Wiki 13 za masika weka 1,000, wiki 39 zilizobaki weka 3,000: jumla 130,000. Panga matumizi ya shule kwa hiyo 130,000, usahau ile 156,000.

Hatua ya 7: Mtafute mwenye ufunguo wa pili

Sanduku la kikundi halifunguliwi na mtu mmoja; funguo tatu zinashikwa na watu watatu. Mtafute mtu mmoja umwambie kiasi, siku na mahali. Kutangaza kwenye status ya WhatsApp hakuhesabiki, huko utapata pongezi tu. Mpangie akuulize Jumamosi ya mwisho ya Machi, Juni na Septemba, na swali liwe moja: "Umeweka mara ngapi?"

Ukiwa umeruka wiki kadhaa, usijaribu kuzifidia zote kwa mkupuo. Pesa hiyo utaitoa tena kabla ya Ijumaa. Endelea na Jumatatu inayofuata. Ukiwa umeruka zaidi ya nusu, shusha 3,000 iwe 1,500, mwambie mwenye ufunguo kiasi kipya, na uandike tarehe ya mabadiliko kwenye daftari lilelile.