Vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi? Kagua kiwiko kwanza

Kazi yangu ni fiziotherapia. Wengi wanaokuja na ganzi ya vidole huwa wameshakikanda kiganja mpaka basi, kumbe kinachobanwa kiko juu zaidi. Neva ya alna, yaani mshipa wa fahamu unaohudumia vidole viwili vya mwisho, hupita nyuma ya mfupa uliochomoza upande wa ndani wa kiwiko, palepale ambapo ukijigonga unahisi kama umepigwa shoti hadi kidoleni. Hapo haina nyama ya kuikinga. Ukikunja mkono, neva inavutika na njia yake inazidi kuwa nyembamba.

Kama umeanguka au umegongwa na kiwiko kimevimba, kimepinda au hakinyooki, acha kusoma, nenda hospitali leo.

Hatua ya 1: Jua ni vidole vipi
Chukua kipande cha pamba, fumba macho, mtu akuguse kidole cha pete pande zote mbili. Neva hii ikibanwa, kwa kawaida upande unaopakana na kidole cha mwisho ndio unaokuwa mzito, na ule mwingine uko sawa. Kisha aguse mgongo wa kiganja, chini ya kidole cha mwisho. Pakiwa na ganzi napo, mbano hauko kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu tawi la sehemu hiyo huchepuka kabla ya kufika huko.

Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati ni ya neva nyingine. Na maumivu ya upande wa nje wa kiwiko yasiyo na ganzi mara nyingi ni ya kano, yale yanayoitwa kiwiko cha tenisi, hata kwa mtu asiyewahi kushika raketi.

Hatua ya 2: Kunja na usubiri
Kunja kiwiko mpaka mwisho, kifundo kikiwa kimenyooka, ukae hivyo kwa sekunde 60. Vidole vikianza kuchomachoma, nyoosha mkono mara moja, jibu umeshalipata.

Hatua ya 3: Jaribio la karatasi
Hii usiiruke. Bana karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mikono yote miwili, halafu uivute kwa nguvu pande mbili. Tazama gumba: likijikunja kwenye kiungo cha ncha ili lisiiachie karatasi, misuli imeshaanza kulegea na gumba linatafuta njia ya mkato. Geuza mikono uangalie nyama iliyo kati ya gumba na shahada. Upande mmoja ukiwa umebonyea, mazoezi ya nyumbani hayakutoshi. Muone daktari, uombe kipimo cha umeme wa neva. Neva iliyojeruhiwa huota takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi kiganjani ni mbali. Msuli uliokaa muda mrefu bila neva unaweza usirudi tena.

Hatua ya 4: Usiku
Kama ni ganzi tu inayokuja na kuondoka, tiba kubwa iko kitandani, maana wengi tunalala tumekunja mikono bila kujua. Zungushia taulo kwenye kiwiko, sehemu nene ikae mbele, kwenye mkunjo, ufunge kwa bandeji juu na chini. Mkono uweze kukunjika kidogo tu, nyuzi 30 hadi 45. Ukiamka vidole vimevimba, umekaza mno. Jipe wiki 6 hadi 12.

Hatua ya 5: Mchana
Usiegemee kiwiko mezani wala dirishani mwa gari. Simu ndefu, tumia spika. Usiinyooshe neva kwa nguvu ukidhani ni msuli uliokaza. Ikichokozwa hivyo, ganzi huongezeka.

Wiki hizo 6 hadi 12 zikipita bila nafuu, daktari wa upasuaji anaweza kuipanulia neva njia, au kuihamishia mbele ya ule mfupa, hasa kama inateleza na kutoka mahali pake kila ukikunja mkono.