Jinsi ya kutafuta picha za zamani za Gee's Bend, Alabama, bila kuzibandika maelezo yasiyo yake

Mwanafunzi mmoja wa historia aliniletea rundo la picha za wakulima weusi wa Gee's Bend, zote za mitandaoni, na maelezo yake yakigongana. Tulizirudisha kwenye chanzo moja baada ya nyingine. Njia ni hii, na inafaa kwa sehemu nyingi za mashambani Marekani katika miaka ya 1930.

Hatua ya 1: Anza Maktaba ya Bunge la Marekani

Fungua mkusanyo wa FSA/OWI (Farm Security Administration na Office of War Information, idara mbili za serikali ya Marekani) kwenye tovuti ya maktaba hiyo. Ni kazi ya wapigapicha wa serikali chini ya Roy Stryker, negativu (filamu za asili zinazosafishiwa picha) za nyeusi na nyeupe zipatazo 175,000. Gee's Bend alifika Arthur Rothstein mwaka 1937, kisha Marion Post Wolcott mwaka 1939. Kurasa za mitandaoni zinazokusanya "picha adimu" achana nazo kabisa. Zinakata kingo na kufuta namba za negativu.

Hatua ya 2: Tafuta kwa maneno ya wakati ule

Andika "Gee's Bend", halafu "Gees Bend", halafu "Wilcox County", jina la wilaya yake. "Boykin" haitakusaidia, maana kijiji kilipewa jina hilo mwaka 1949. Maelezo mengi yametumia neno "Negro". Leo linaudhi, lakini usipoliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, picha nyingine zitakupita.

Hatua ya 3: Picha zisizo na maelezo

Hapa ndipo saa zinapoishia, kwa hiyo soma polepole.

Utakutana na picha nyingi ambazo kichwa chake kinaanza na "Untitled photo, possibly related to", kikifuatiwa na maelezo kamili ya mtu na mahali. Maelezo hayo si ya picha hiyo. Yametoka kwa negativu jirani, na maana yake ni kwamba *huenda* zinahusiana. Watu wanakata maneno ya mwanzo, wanabakiza jina, na mama wa nyumba ya pili anageuzwa kuwa mtu mwingine.

Tazama namba ya negativu. Ikianza na LC-USF33, ni filamu ya milimita 35, na M1 hadi M5 mwishoni ni fremu za kipande kimoja. Hapo ujirani una uzito. Ikianza na LC-USF34, ni negativu kubwa inayojitegemea. Namba mbili kufuatana hakuthibitishi kwamba picha zilipigwa mfululizo.

Kwa hiyo fungua majirani wa pande zote mbili, kisha linganisha vitu visivyohama: magogo ya ukuta, bomba la moshi la udongo, uzio, kivuli kinakoelekea. Nguo peke yake haitoshi. Vikilingana, andika "huenda ni". Visipolingana, andika "mtu asiyejulikana, Gee's Bend", tena hilo la Gee's Bend uwe na sababu yake.

Hata maelezo kamili yasome kwa tahadhari. Yale yanayowataja wakazi kuwa wazao wa watumwa wa shamba la Pettway yamerudiwa kwenye picha kadhaa, na ni sauti ya serikali kuhusu wenyeji. Wenyeji hawakuulizwa.

Hatua ya 4: Pakua TIFF

TIFF ni faili kubwa yenye maelezo yote ya picha; JPEG ndogo ni ya kuchungulia tu. Chukua ile picha ya Rothstein ya msichana dirishani: kwenye faili kubwa unaona kuwa ubao wa dirisha umebandikwa magazeti, na pembeni yake mwanamke wa tangazo ameshika sinia la chakula. Kwenye nakala ya simu hayo yote ni madoa.

Hatua ya 5: Hifadhi

Namba ya negativu iwe ndani ya jina la faili. Nakala ya asili usiiguse. Ukitaka kurekebisha mwanga, tumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye nakala ya pili. Programu za kutia rangi sizikubali kabisa: zinabuni rangi ya ngozi na ya nguo za watu waliokwisha kudhalilishwa vya kutosha.

Ukikuta duara jeusi katikati ya picha, kwenye uso au angani, hilo ni tundu. Ofisi ya Stryker ilikuwa ikitoboa negativu ilizozikataa. Usilizibe.