SOMO: Vipande vya bata mzinga vilivyolowekwa chumvi, na rojo linalolika

Wakuu, naandika hii mara moja ili nisiiandike tena. Kila mara kuna anayeuliza "mbona nyama yangu imekauka" na nyuma yake yupo wa "mbona rojo langu ni chumvi tupu". Someni kwanza. Anayeuliza kilichoandikwa humu nitamrudisha juu.

Nazungumzia vipande: mapaja, miguu, kidari chenye mfupa. Bata mzima ana shida moja, kidari chake huiva na kupitiliza huku mapaja bado. Ukiwa na vipande, kila kimoja unakitoa kwa wakati wake.

1. Yeyusha barafu ndani ya friji, siku moja hadi mbili. Si juu ya meza.

2. Soma lebo. Kama nyama imedungwa maji ya chumvi kiwandani, ruka hatua ya 3.

3. Loweka. Gramu 60 za chumvi kwa lita moja ya maji, na upime kwa mizani, maana kikombe cha chumvi laini kina uzito mkubwa kuliko kikombe cha chumvi ya mawe. Maji yawe yameshapoa. Nyama izame yote, ikae kwenye friji (nyuzi 4 kushuka chini) kwa muda wa saa 8 hadi 12. Ukimaliza, maji hayo mwaga. Si ya supu, si ya rojo.

4. Kausha kwa tishu za jikoni, kisha irudishe nyama kwenye friji bila kuifunika, hata usiku kucha. Ukiigusa ngozi uisikie kavu kama karatasi. Na msioshe nyama bombani, jamani. Maji yanarusha vijidudu kwenye sinki, vyombo na nguo zako, na moto wa oveni ungeviua vyote bila msaada wako.

5. Chemsha supu: shingo, mgongo na ncha za mabawa ambazo HUKUZILOWEKA. Zikaange mpaka zipate rangi, weka kitunguu na karoti, maji, moto mdogo saa mbili au tatu. Bila chumvi. Hata chembe.

6. Oveni nyuzi 220 kwa dakika 20 za mwanzo, halafu shusha hadi 165. Panga vipande juu ya wavu, na chini yake trei yenye kikombe cha maji ili matone yasiungue. Chomeka kipimajoto penye nyama nene bila kugusa mfupa. Kidari kitoke kikifika 74, mapaja na miguu 80 hadi 85.

7. Pumzisha dakika 20.

8. Rojo. Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo hapa nitakaa.

Mara yangu ya kwanza nilimimina kila kilichokuwa kwenye trei ndani ya sufuria, nikatupia vidonge viwili vya supu "kwa ladha", nikaacha lichemke mpaka lipungue nusu. Rangi yake ilikuwa nzuri ajabu. Mezani hakuna aliyesema kitu. Ila nilimwona mjomba anakwangua rojo kutoka kwenye nyama yake kwa ncha ya kisu, taratibu, kama mtu anayebandua rangi ukutani, kisha akaomba maji. Akaomba tena.

Nyama iliyolowekwa ikiiva hutoa maji yenye chumvi. Maji hayo yanadondoka kwenye trei, oveni inayakausha, chumvi inabaki. Unachokiona pale chini si supu, ni kiungo kikali, na ukitumie kama kiungo.

Mimina kila kitu kutoka kwenye trei ndani ya jagi la kioo, subiri dakika kumi. Mafuta yatapanda juu. Chota gramu 40 za mafuta hayo (yana ladha nyingi, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta) uyatie kwenye sufuria na gramu 40 za unga wa ngano. Koroga kwa moto wa wastani dakika nne hivi, mpaka unga unukie kama biskuti zinazotoka ovenini. Ongeza supu ya moto ile isiyo na chumvi, mililita 600, kidogo kidogo, huku unapiga kwa mchapo. Acha litokote dakika kumi.

SASA ndipo unagusa maji ya jagi. Kijiko kimoja, koroga, onja. Kingine, onja. Likikaa sawa, acha, hata kama nusu ya jagi imebaki na roho inakuuma.

Maonyo: vidonge vya supu, hapana. Ukishatia maji ya jagi usilichemshe tena lipungue. Kama trei imeungua ikawa nyeusi, onja kabla ya kumimina, maana uchungu hautoki. Na rojo huzidi uzito likipoa, kwa hiyo jikoni liwe jepesi kidogo kuliko unavyolitaka mezani.

MASWALI

Swali: Mkuu, kidari dakika ngapi?
Jibu: Hatua ya 6.

Swali: Nimesoma, hujaandika dakika.
Jibu: Ndiyo, sikuandika. Sijui kidari chako kina uzito gani wala oveni yako inadanganya kwa nyuzi ngapi. Kipimajoto.

Swali: Sina. Natoboa tu, maji yakitoka meupe naepua. Siyo sawa?
Jibu: Siyo sawa. Nyama karibu na mfupa inaweza kubaki na wekundu na imeshaiva, na maji yanaweza kuwa meupe na bado. Nunua kipimajoto kabla ya kununua bata mwingine.

Swali: Niliacha kwenye maji ya chumvi siku tatu, nyama ikawa kama soseji. Somo lako lina kasoro.
Jibu: Saa 8 hadi 12, ndugu. Niliandika saa.

Swali: Samahani kwa swali la kitoto. Chumvi si huvuta maji kutoka kwenye nyama? Inakuwaje hapa inayatunza?
Jibu: Si la kitoto hata kidogo. Mwanzoni inavuta kweli. Ila chumvi nayo inaingia, na ikishaingia inalegeza na kuyeyusha sehemu ya protini za misuli. Nyuzi za nyama zinavimba na kushika maji, na zikipata moto hazijikamui kwa nguvu kama zamani. Ndiyo maana yule ndugu wa siku tatu alipata soseji, kwani soseji hushikamana kwa njia hiyohiyo. Ukiwa na mizani, pima kipande kabla ya kuloweka na baada yake, utaona mwenyewe.

Swali: Na kwa nini mapaja 85 wakati kidari 74?
Jibu: Paja lina kano na tishu ngumu nyingi. Kwenye 74 ni salama ila linavutika mdomoni. Likipanda juu zaidi, ule ugumu unageuka ulaini wa kuteleza. Kidari hakina cha kulainisha, kinakauka tu.

Swali: Rojo likizidi chumvi si unatumbukiza kiazi? Mama mkwe wangu hufanya hivyo miaka yote.
Jibu: Heshima zote kwa mama mkwe. Kiazi hunywa maji pamoja na chumvi yake, kinachobaki sufuriani kina ukali uleule. Ongeza supu isiyo na chumvi, kisha unga uliokaangwa na mafuta ili lirudi uzito.

Swali: Naweza kupaka chumvi kavu badala ya kuloweka?
Jibu: Unaweza, na siku hizi ndiyo napendelea, friji yangu ni ndogo. Gramu 15 kwa kilo moja ya nyama, siku moja kabla, bila kufunika, bila kuosha. Maji ya trei bado yatakuwa na chumvi. Onja.

Mchango: Mimi rojo linalobaki naligandisha kwenye vibweta vya barafu, natoa vipande viwili vitatu nikitaka.
Jibu: Nzuri hiyo, naiiba. Likiyeyuka litaonekana limekatika. Lipashe mpaka litokote huku unapiga, linarudi.

Swali: Mkuu, ni yule wa kipimajoto, nimenunua. Paja linasoma 76, nitoe?
Jibu: Rudisha. Bado.