Jinsi ya kuboresha njia za kando ya mifereji Uingereza ili baiskeli zipite vizuri

Kwa mlioko Uingereza mnazijua hizi njia, zilichongwa enzi za farasi, farasi anatembea pembeni anavuta boti ya makaa ya mawe kwa kamba, ndo maana nyingi ni nyembamba na chini ya madaraja zinabana kabisa. Sa hivi watu wanazipitia kwenda kazini sababu hakuna magari na milima ni michache, ila matope sasa!

Kwanza jua njia iko chini ya nani. England na Wales mifereji mingi ni ya Canal & River Trust, wameishika tangu 2012, na Scotland ni Scottish Canals. Usijiendee tu na koleo lako. Waandikie, tuma picha za madimbwi, na taja namba ya daraja la karibu, maana madaraja mengi yana kibao cha namba na hapo wanajua moja kwa moja ni wapi. Wana vikundi vya kujitolea pia, jiunge.

Kazi yenyewe inaanza na maji, sio lami. Hata umwage kokoto za bei gani, maji yakituama zinaharibika tu. Njia iinamishwe upande mmoja, kama sentimita 2.5 kwa kila mita ya upana, maji yateleze yenyewe. Halafu chini utandike kile kitambaa cha kutenganisha udongo na mawe, juu yake kokoto kama sentimita 15 zishindiliwe haswa, kisha changarawe laini inayoshikana. Upana mita 2 na nusu ni mzuri sana kama nafasi ipo. Ila jamani msichimbe ovyo, mifereji mingi ya zamani imekandikwa kwa ndani udongo wa mfinyanzi ili maji yasitoke, ukiutoboa maji yanavuja na ukingo unaweza kubomoka, kwa hiyo mhandisi wao lazima aangalie kwanza. Na acheni ukanda wa majani pale karibu na maji, wenye boti wanapigilia vigingi vyao vya kufungia boti hapo.

Chini ya daraja ndo pa hatari zaidi, humuoni anayekuja. Fyeka vichaka kabla ya kona, weka alama ya kupunguza mwendo, piga kengele, na mtembea kwa miguu apite kwanza, hiyo haina mjadala.

Vile vyuma vya kuzuia pikipiki mi naomba viondolewe vingi, vinamzuia mtu wa wheelchair na mama mwenye baiskeli ya mizigo, wakati pikipiki nyingine zinapenya vilevile.

Taa msijaze kila mahali, popo wanawinda juu ya maji usiku na mwanga unawafukuza. Na kukata vichaka subirini Agosti ipite, kuanzia Machi ndege wanakuwa na viota humo.